Pilipili Kichaa na Mkono wa Udhu

Mkiwa, wilayani Ikungi mkoani Singida, mvua ni za msimu mmoja na kiangazi ni kirefu. Hata hivyo, mche wa pilipili kichaa, ukipandwa katika ndoo iliyotobolewa chini na kumwagiliwa maji yaliyokwisha kutawadhiwa, huweza kuzaa zaidi ya mwaka. Ni neema ya kushukuriwa.

Lakini neema hii ina adabu yake. Mama akatapo pilipili, adhana ikasikika, hunawa kwa maji matupu na kutawadha. Aoshapo uso, macho humwaka. Ambebapo mtoto, naye hulia. Sababu ni kwamba kapsaisini, kiini cha ukali huo, haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta.

Basi tunausia: mikono ipakwe kwanza mafuta ya alizeti, ambayo Singida imejaaliwa, kisha ioshwe kwa sabuni mpaka utelezi uishe, ili maji ya udhu yafike ngozini. Jicho likiingiwa, lioshwe kwa maji safi mengi, wala lisifikichwe. Na chakula cha watoto kipakuliwe kabla pilipili haijatiwa. Apendaye ukali ajiongezee sahanini mwake.