NGOMA ILIYOKUWA SAA YA JESHI

Je, umewahi kujiuliza askari elfu mbili walijuaje saa ya kuamka, ya kula na ya kulala, zamani zile ambapo saa ya mkononi haikuwapo wala kipaza sauti? Sisi hapa shuleni tuna kengele. Ikilia, kila mtu anajua mbio ni za wapi. Majeshi ya Ulaya na Marekani ya karne ya 18 yalikuwa na filimbi na ngoma. Leo ala hizo hazimpeleki mtu vitani, ila wako watu wanaokutana kila mwaka kuzipiga vile vile zilivyopigwa. Nimeona heri niwaeleze wenzangu habari za mikutano hiyo, pamoja na za shamba moja ambalo lina filimbi yake tofauti kabisa.

Huko Marekani kuna mahali panapoitwa mashamba ya historia hai. Si jumba la makumbusho la kuchungulia vitu ndani ya kioo, la hasha! Pale watu huvaa nguo za kale, hulima kwa maksai, hufua chuma kwa mivukuto, na mgeni akipita huionyeshwa kazi yenyewe ikifanywa. Kijiji cha Old Sturbridge, katika jimbo la Massachusetts, kilifunguliwa mwaka wa 1946 nacho huonyesha maisha ya mashambani ya miaka ya 1790 hadi 1830 na kitu. Pana zizi, pana malisho, na hakuna gari la kuvunja watu masikio. Basi kwa filimbi na ngoma ni mahali pake hasa.

Mikutano yenyewe huenda hivi. Vikundi hufika kila kimoja na sare yake, vikapiga gwaride, kisha kila kikundi kikapewa zamu yake uwanjani. Zamu zikiisha, wote huchanganyika, wazee kwa watoto, wakapiga pamoja nyimbo ambazo kila mmoja anazijua. Mkutano unaosifika sana hauko shambani bali katika mji mdogo wa Deep River, jimbo la Connecticut, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Julai. Jina wanaloiitia mikutano hii wamelirithi jeshini. Zamani lilimaanisha kuwaita wanaume wa kijiji waje na bunduki zao wahesabiwe.

Sasa tuzitazame ala. Filimbi hii ni kijiti cha mbao chenye tundu moja la kupulizia na sita za vidole, basi. Haishikwi kama zumari, bali hulazwa kando ya uso. Sauti yake ni nyembamba na kali mno, na ukali huo ndio faida yake, kwani hupenya hata katikati ya mlio wa bunduki. Ngoma nayo ni pipa la mbao lenye ngozi juu na chini, na kamba zinazopanda na kushuka ubavuni. Chini yake hupitishwa nyuzi za utumbo zinazotetemeka, na ndizo zinazofanya mlio uwe "trrr" badala ya "du". Mvua ikinyesha ngozi hulegea, na mpigaji hana budi kuvuta kamba upya. Wahenga wetu walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Wapigaji hawa wanalijua hilo si kwa fumbo bali kwa bei ya ngozi ya ndama.

Kila mdundo ulikuwa neno. Kulikuwa na wa alfajiri, wa kukusanyika, wa kutaka mazungumzo na adui. Ule wa usiku una kisa cha kuchekesha: jina lake lilitoka kwa Waholanzi, likiwa na maana ya kufunga bomba la pipa la pombe ili askari warudi kambini walale! Mpigaji akikosea, kikosi kizima hukosea. Ndiyo maana Juni 1777 Jenerali George Washington alitoa amri akilalamika kwamba muziki wa jeshi lake ni mbaya. Wakuu wa wapigaji wasipojitahidi watashushwa cheo, na nyongeza yao ya mshahara watanyang'anywa.

Lakini ni nani waliozipiga? Hapa ndipo mgeni wa shambani anapoweza kurudi nyumbani na nusu ya habari, akikumbuka sare nzuri tu. Baadhi yao walikuwa wavulana, wengine wadogo kutuliko. Tena wapo waliokuwa Waafrika. Sheria za Virginia za karne ya 18 ziliwaruhusu watu weusi walio huru kuingia katika jeshi la kijiji, ila bila silaha. Wangeweza kupiga ngoma au tarumbeta. Kikosi cha 29 cha Waingereza kilikuwa na wapiga ngoma weusi tangu mwaka wa 1759, wavulana walionunuliwa katika kisiwa cha Guadeloupe. Na ajabu ni kwamba huko South Carolina, baada ya watumwa kuasi mwaka wa 1739 huku wakipiga ngoma, sheria ya 1740 ilikataza watumwa kuwa na ngoma. Yaani ngoma ile ile, ukiipiga kwa amri ya bwana ni kazi, ukiipiga kwa hiari yako ni kosa.

Kumbe ngoma haikukatazika. Katika vilima vya kaskazini mwa Mississippi, wakulima weusi walichukua ngoma za jeshi wakazitia midundo ya asili yao, na filimbi wakaichonga kwa mwanzi. Alan Lomax alikwenda kuwarekodi mwaka wa 1942. Jambo hili si geni kwetu. Vijana wa pwani yetu walipoona bendi za wakoloni, walitwaa gwaride lile wakalifanya mchezo wao wenyewe wakauita beni.

Mkulima mmoja wa Mississippi, Otha Turner, alizaliwa mwaka wa 1907 na kujifunza filimbi akiwa na miaka 16, umri wangu mimi. Matundu aliyatoboa kwa chuma cha moto. Kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi, alichinja mbuzi nyumbani kwake, shambani Gravel Springs, na majirani wakaja kula na kucheza nyuma ya ngoma mpaka usiku. Hakuna aliyevaa nguo za kuigiza, wala kiingilio cha makumbusho. Mimi nayaheshimu mashamba ya historia hai, maana bila yao ngoma za kamba zingebaki picha. Lakini ningepewa nauli ya safari moja tu, wallahi ningekwenda kwa yule mzee wa mbuzi.

Mzee huyo alifariki Februari 2003, siku moja na binti yake Bernice, nao wakazikwa pamoja. Kikundi chake kiliwasindikiza kwa ngoma hadi makaburini. Aliyetangulia mbele akipuliza filimbi ni mjukuu wake, Sharde Thomas, binti mdogo kutuliko sisi wa kidato cha tatu, na ndiye aliyekiongoza kikundi hicho baada ya babu yake.