Boflo na Tui kwa Meza ya Rosh Hashana

Kuku wa kuoka anapopakuliwa usiku wa Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi unaoangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, familia nyingi, hasa za Marekani, humsindikiza na sinia ya mkate. Mkate huo hukatwa vipande, hurowekwa kwa supu yenye vitunguu, kisha huokwa tena mpaka juu ukauke.

Kenya ina Wayahudi wachache, na kitovu chao ni Nairobi, ambako jiwe la msingi la sinagogi liliwekwa mwaka 1912. Hata hivyo, sinia hiyo inaweza kupikwa Kizingo, mtaa wa Mombasa, bila kuagiza chochote kutoka mbali. Boflo lipo dukani, vitunguu na viungo vipo soko la Marikiti, na nazi ndiyo inayolitatua tatizo kubwa la mapishi haya.

Tatizo lenyewe ni siagi. Sheria ya chakula ya Kiyahudi hairuhusu nyama na maziwa katika mlo mmoja, kwa hiyo mkate unaoliwa pamoja na kuku hautiwi siagi wala maziwa. Hata boflo lazima lichunguzwe, maana baadhi ya mikate ya dukani ina maziwa ndani. Wapishi wengi huishia kwenye mafuta ya kawaida, na ladha hupwaya. Tui zito huleta ulaini na utamu ule ule uliokosekana, na nazi si nyama wala maziwa.

Kuna adabu moja hapa. Katika karne ya 16, rabi Moses Isserles wa Krakow aliandika kwamba nyama ikipikwa kwa maziwa ya lozi, lozi ziwekwe kando ili anayetazama asidhani sheria imevunjwa. Mpishi wa Pwani anaweza kunyunyiza nazi iliyokunwa juu ya sinia. Inapendeza kwa macho, na mgeni haulizi.

Boflo la gramu 400 hukatwa vipande vidogo na kukaushwa kwenye oveni, kwa kuwa unyevu wa bahari huko Kizingo hauachi mkate ukauke wenyewe mezani. Huota ukungu kwanza. Vitunguu viwili vikubwa hukaangwa polepole hadi viwe vya kahawia, pamoja na karoti, pilipili manga na kotmiri. Mayai mawili huvunjwa moja moja kikombeni, na lenye tone la damu hutupwa. Halafu huja kikombe cha supu ya kuku na kikombe cha tui. Mchanganyiko huachwa dakika kumi: ukibonyezwa kwa kijiko, uwe umelowa bila kuogelea.

Dakika 40 kwa nyuzi 180 zinatosha. Asiye na oveni aweke makaa juu na chini ya sufuria, kama anavyooka mkate wa mayai.

Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi boflo haliingii nyumbani kabisa. Badala yake hutumika matza, mkate mkavu usiochachushwa, ambao hunyonya haraka sana, hivyo supu na tui hutiwa kidogo kidogo.