Sura ya Saba: Filamu ya Simba-Mtu Ingemlipa Nani?

Katika miaka ya 1940 maofisa wa serikali ya kikoloni huko Singida waliandikiana barua nyingi kuhusu vifo vya ajabu. Maiti zilikuwa na majeraha kama ya makucha ya simba, lakini wenyeji na polisi walishuku kuwa nyuma ya simba hao walikuwapo watu: watu waliovaa ngozi, waliokodishwa kuua. Watu walikamatwa na kesi zikaendeshwa. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu wa eneo hilo, aliandika makala ya kulitazama upya suala hilo. Ni kisa ambacho hakihitaji kuongezwa chumvi ili kiwe filamu ya miujiza, na mandhari yake yapo tayari: majabali yaliyopangana, ziwa Singidani na ziwa Kindai yenye maji ya chumvi, heroe wakitua jioni.

Tuseme filamu hiyo imetengenezwa enzi za CD. Miezi sita baada ya kutoka, anaulizwa mtayarishaji, anaulizwa msambazaji wa Kariakoo, anaulizwa mwenye duka la CD karibu na stendi ya Singida, anaulizwa mwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa kuonyesha video: filamu imelipa au imekula hasara? Kila mmoja atatoa jibu lake, na wote wanaweza kuwa wanasema kweli.

Hesabu ya mfano itaonyesha inakuwaje. Mtayarishaji ametumia shilingi milioni 40 taslimu. Amemuuzia msambazaji masta, yaani nakala mama pamoja na haki zake, kwa milioni 45, malipo ya mara moja tu. Msambazaji ametoa nakala 60,000 kwa gharama ya shilingi 400 kila moja, yaani milioni 24, akatumia milioni 10 kwa mabango, stempu na usafirishaji, kisha akaziuza zote kwa jumla shilingi 1,500. Ameingiza milioni 90, na baada ya kutoa kila kitu amebaki na milioni 11. Mwenye duka anauza nakala kwa 2,500, anapata 1,000 kwa kila moja. Mwenye kibanda amenunua nakala moja tu, akaonyesha usiku mmoja kwa watazamaji 40 waliolipa 300 kila mmoja. Kwa nakala ya shilingi 2,500 amekusanya 12,000, na hakuna hata senti iliyorudi kwa aliyeitengeneza.

Mtayarishaji je? Kwenye karatasi ana faida ya milioni 5. Lakini hapa ndipo hesabu za filamu zetu zinapodanganya zaidi, na ni lazima kusimama. Katika ile milioni 40 haimo nyumba ya shangazi iliyotumika siku nane bila kodi. Halimo gari la rafiki, wala mafuta yake. Hawamo waigizaji chipukizi waliolipwa chakula na ahadi. Halimo jasho la mtayarishaji mwenyewe, ambaye ndiye aliyeandika, akaongoza, akabeba taa. Vitu hivyo vikithaminiwa kwa milioni 15, ile faida inageuka hasara ya milioni 10, na hasara hiyo imebebwa na watu ambao majina yao hayamo kwenye hesabu. Filamu ya miujiza huumiza zaidi katika eneo hili, kwa sababu inadai vipodozi, mavazi, ngozi ya simba inayoaminika na mhariri wa kukaa usiku mwingi kwenye kompyuta ili mtu atoweke na mnyama atokee mahali pake. Kazi ya mhariri huyo ndiyo ya kwanza kufanywa kwa bei ya kirafiki.

Mfumo wa kuuza masta moja kwa moja ndio uliojenga soko la Bongo Movie. Katikati ya miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za mizimu na majini zilizovuta watu wengi kwenye biashara ya video. Baadaye Steps Entertainment ikawa mnunuzi mkubwa, na Steven Kanumba akafika mahali pa kumwalika Ramsey Nouah wa Nigeria waigize pamoja katika Devil Kingdom. Mfumo ulikuwa na uzuri wake, kwani fedha ilipatikana haraka na mtayarishaji aliweza kuanza filamu nyingine mwezi uliofuata. Ubaya ni kwamba aliyeuza masta hakuwa tena na sababu wala njia ya kujua nakala ngapi zimetoka. Vivyo hivyo, mkulima wa Iramba aliyeuza alizeti ikiwa bado shambani hana fungu bei ya mafuta inapopanda. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, na kwa mara ya kwanza idadi ya nakala halali ikawa kitu kinachoweza kuhesabiwa na mtu mwingine zaidi ya msambazaji. Nakala za wizi, bila shaka, hazikuomba stempu.

Mtu anaweza kudhani hayo ni matatizo ya soko changa. Sivyo. Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Marekani.

Desemba 2007 kampuni ya New Line Cinema ilitoa The Golden Compass, filamu ya miujiza iliyotokana na riwaya ya Philip Pullman, ikiigizwa na Nicole Kidman na Daniel Craig. Bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 180. Duniani kote tiketi ziliingiza dola milioni 372. Anayegawa namba moja kwa nyingine ataona mara mbili na ushee, na atasema imefaulu. Lakini ili kukusanya mtaji, New Line ilikuwa imeshauza haki za nchi za nje kabla filamu haijatoka. Ndani ya Marekani na Kanada, ambako mapato yalikuwa yake, ziliingia milioni 70 tu. Wasambazaji wa Ulaya na Asia wakavuna, mwenye filamu akabaki na pengo. Mwaka 2008 New Line ikamezwa na Warner Bros., na filamu mbili zilizotarajiwa kuendeleza hadithi hiyo hazikutengenezwa. Ni masta ile ile, kwa dola.

Hata zile milioni 372 si fedha za watengenezaji. Kwa kawaida karibu nusu ya fedha ya tiketi hubaki kwenye majumba ya sinema, na matangazo hayamo katika bajeti inayotajwa magazetini. Ndiyo maana watu wa biashara hiyo husema filamu kubwa inahitaji kuingiza mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti yake ili kurudisha fedha. Nchi nazo hazilingani. Warcraft ya 2016 iliingiza takriban dola milioni 439 kwa bajeti ya milioni 160, lakini zaidi ya milioni 220 zilitoka China, ambako studio ya kigeni hupata robo tu ya tiketi. Haikupata mwendelezo.

Ipo pia hesabu ambayo imeandikwa ili faida isionekane, na mtu yeyote anayeahidiwa asilimia ya faida anapaswa kuijua kabla ya kushika kalamu. Harry Potter and the Order of the Phoenix ya 2007 iliingiza zaidi ya dola milioni 930. Mwaka 2010 karatasi ya mahesabu yake ilivuja, ikionyesha hasara ya dola milioni 167. Ada ya usambazaji, matangazo na riba vilikatwa kwanza, na vingi kati ya hivyo studio ilikuwa ikijilipa yenyewe. Warithi wa mwandishi Tolkien nao walilazimika kuishitaki New Line mwaka 2008 wakidai fungu lao katika The Lord of the Rings, filamu tatu zilizoingiza karibu dola bilioni 3. Walipatana mwaka uliofuata.

Kwa filamu nyingine swali lenyewe hubadilika. Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu mtoto mgonjwa wa Kenya anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, ilitoka 2018 kwa msaada wa One Fine Day Films ya Ujerumani. Filamu iliyofadhiliwa kwa namna hiyo kwa kawaida haibebi deni, hivyo kuipima kwa tiketi za Nairobi peke yake ni kuionea.

Kisha kuna muda. The Wizard of Oz ilitoka 1939 ikiwa imegharimu takriban dola milioni 2.8, na MGM ikaandika hasara ya zaidi ya milioni moja. Iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1949 ndipo ikaanza kutoa faida, na kuanzia 1956 televisheni ikaifanya mali ya kila kizazi. Aliyefunga daftari mwishoni mwa mwaka wa kwanza aliandika ukweli wa mwaka ule tu. Huku kwetu muda una mtego wake wa ziada: mwaka 2012 dola ilikuwa kama shilingi 1,600, na kufikia 2024 ilikuwa imevuka 2,500, kwa hiyo milioni 45 za wakati ule na za sasa haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja.

Masoko ya leo ni mengine. CD zimepungua, na filamu inaweza kupelekwa kwenye chaneli za televisheni kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu, au YouTube. Mtayarishaji wa Singida anayeletewa mkataba wa televisheni atafute kwanza mistari mitatu: haki zinatolewa kwa miaka mingapi, kwa nchi zipi, na kama intaneti imo. Mkataba wa miaka miwili kwa Tanzania pekee, hata wa fedha ndogo, unamwachia Kenya, Oman na mwaka wa tatu.