Kongosho Likivimba, Mgonjwa Asiishi kwa Juisi

Tuseme baba wa nyumba amerudi kutoka hospitali. Alilazwa kwa maumivu makali ya tumbo, na daktari akamwambia kwamba kongosho lake limevimba. Siku ya pili jirani mwema anakuja na habari aliyoisikia mjini: baba asile tena ugali wala nyama, anywe tu maji ya karoti na mchicha asubuhi, mchana na jioni, mpaka kongosho lisafike. Mama anaitika. Kila alfajiri anakwangua karoti, anatwanga majani, anachuja kwa kitambaa. Mwezi haujaisha, na suruali ya baba haikai tena kiunoni. Mama anadhani ni ugonjwa unaomla mumewe. Kumbe ni njaa.

Jirani hakuwa na nia mbaya. Lakini hebu kwanza tulijue kongosho lenyewe. Ni kiungo laini, chenye urefu wa sentimeta 15 hivi, kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutia insulini katika damu, ili sukari itumike vizuri mwilini. Ndiyo maana mtu aliyeharibika kongosho huweza kupata na kisukari. Ya pili ni kutengeneza maji ya kuyeyusha chakula, zaidi ya lita moja kila siku, yanayopita katika kijifereji mpaka utumbo mwembamba. Maji hayo ni makali, huyeyusha nyama na mafuta. Yakizibiwa njia, au kongosho likiumizwa, huanza kuliyeyusha kongosho lenyewe. Hapo ndipo moto unapowaka.

Mara nyingi sababu ni mawe ya nyongo au pombe. Zipo na nyingine, kama mafuta kuzidi mno katika damu, dawa fulani, hata matubwitubwi. Sigara nayo huongeza hatari.

Dalili yake ni maumivu ya juu ya tumbo yanayochoma mpaka mgongoni, pamoja na kutapika. Mgonjwa huinama mbele apate nafuu kidogo. Akiwa hivyo, asipewe juisi, wala dawa ya miti shamba, wala chochote cha kinywani. Apelekwe hospitali upesi. Anahitaji maji ya mshipani na dawa ya maumivu, na wengine hufa wakicheleweshwa. Zamani madaktari waliwafungisha wagonjwa hawa siku nyingi bila chakula, wakidhani kongosho linapumzishwa. Siku hizi imejulikana kwamba anayeweza kula aanzishwe mapema, mara kutapika kukipungua, kwa chakula laini kisicho na mafuta mengi. Utumbo ukikaa mtupu hudhoofika.

Basi, turudi kwenye juisi. Glasi moja ya maji ya karoti hula karoti karibu nusu kilo, na kumbe ndani yake hamna nguvu nyingi. Mgonjwa akinywa glasi sita kwa siku hafikishi kalori 700, wala protini gramu 20. Mtu mzima mwenye kilo 60, tena mwenye kongosho bovu, hutakiwa kupata kalori 1,500 na zaidi, na protini gramu 60 au zaidi. Pengo hilo ndilo lililoilegeza suruali ya baba. Isitoshe, juisi ya karoti ina sukari, nayo huingia upesi kwa mwenye kisukari. Na ule uzuri wa karoti, yaani vitamini A, mwili hauupokei vizuri bila mafuta kidogo. Karoti iliyopikwa kwa kijiko cha mafuta humfaa kuliko ndoo ya juisi.

Jambo la majani mabichi ni kubwa zaidi. Mchicha na spinachi zina oksaleti nyingi. Kwa mtu mzima wa afya, sahani ya mchicha haina neno. Lakini ambaye kongosho lake limechakaa, mafuta hayayeyuki tumboni mwake, na hapo oksaleti hupenya kwa wingi katika damu, ikaenda kuganda ndani ya figo. Wako watu waliofungwa figo kwa kunywa juisi ya majani kila siku. Mchicha uchemshwe, maji yake yamwagwe, ndipo uungwe.

Je, juisi ni haramu? La. Glasi ndogo baada ya chakula haina ubaya kwa asiye na kisukari. Iwe kinywaji tu, chakula kibaki chakula.

Na chakula chenyewe kiko nyumbani: uji uliochanganywa na maziwa yaliyoenguliwa mafuta, wali au ugali laini, samaki wa kuchemsha, kuku aliyeondolewa ngozi, yai, ndizi za kupika, maharage kidogo yaliyoiva sana. Agawiwe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Vya kukaanga kama maandazi na chipsi aviache. Lakini asinyimwe mafuta yote kwa miaka, ila daktari akisema. Choo kikiwa cheupe, chenye mafuta, kinaelea na kunuka sana, amwambie daktari. Viko vidonge vya vimeng'enya vya kumsaidia, humezwa pamoja na chakula. Ni ghali, twakubali, na si kila zahanati inavyo. Kwaresima ikija asione haya: mgonjwa halazimiki kufunga.

Pombe ni mwisho, hata kama ugonjwa ulitokana na mawe ya nyongo. Hapa lawama si ya baba peke yake. Arusini na kwenye ubatizo wazee humshika mkono: “Kibuyu kimoja tu, mwanangu, usituaibishe.” Wanaomwambia hivyo ndio watakaombeba kwenye machela. Ndugu na wamsaidie kwa kumtilia togwa isiyochacha au chai kabla hajaulizwa.

Mama naye, kitambaa cha kuchujia akianike. Kila mwezi ampeleke baba zahanati akapimwe uzito, aandike kilo katika daftari la mtoto wa shule. Zikishuka miezi miwili mfululizo, alipeleke daftari hilo kwa daktari.