Samaki Mkunje Angali Mbichi

Tangu mwaka 1994 mwamba wa matumbawe ulio magharibi ya kisiwa cha Chumbe, hapa Zanzibar, umehifadhiwa kisheria na hauvuliwi. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, na wanafunzi hupelekwa huko wakauone kwa macho yao.

Hilo ni jambo la busara. Mtu mzima aogopaye faini tu atayavunja matumbawe askari akigeuka. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba ni viumbe hai na makao ya samaki, atayalinda hata pasipo askari.

Basi viongozi wetu wa elimu wasitosheke na ubao na chaki. Nauli ya mashua na itengwe kwa kila skuli, ya mjini na ya shamba. Na wazazi wawaruhusu watoto wa kike pia. Watakaoirithi bahari hawana budi kuijua.