Amana ya wakala haiishii KIA

KUANZIA Ngarenaro na Kaloleni hadi Tengeru na Usa River, chini ya mlima Meru, si ajabu siku hizi kusikia habari ya binti aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Wapo waliojenga na kuwasomesha wadogo zao kutokana na jasho hilo, na wapo waliorejea mikono mitupu. Aghalabu lawama huelekezwa kwa mwajiri wa huko. Leo, ndugu wasomaji, tunapenda kumzungumzia mtu wa kati, yaani wakala wa ajira, ambaye ndiye aliyeliona jina la binti kabla ya mwajiri kuliona.

Kisheria, wakala huyu si mtu wa kujichomozea tu. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira, Na. 9 ya mwaka 1999, inamtaka asajiliwe, na serikali ina wakala wake yenyewe, TaESA. Ama katika hali halisi ya mitaani, binti wa Ngaramtoni hafikiwi na mwenye leseni. Hufikiwa na dalali, pengine jirani au rafiki wa shangazi, ambaye hana karatasi yoyote na hulipwa kwa kichwa. Wakala anayetaka kumsaidia msafiri wake na aanzie hapo: amjue dalali wake, na kila ahadi iliyotolewa kwa jina lake aikubali kuwa ni deni juu yake.

Tutazame sasa fedha, kwani ndimo mlimo kiini cha tatizo. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada. Ni kanuni njema. Mzazi hapaswi kuuza ng'ombe wala kuweka rehani kihamba ili mwanawe apate kazi. Lakini anapolipa mwajiri, huzuka jambo la pili. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2022, iliweka miezi 6 ya majaribio, na katika muda huo wakala anaweza kulazimika kumrejeshea mwajiri fedha au kumletea mtu mwingine. Basi binti anapopiga simu mwezi wa tatu huku akilia, anayepokea simu ameshaiona hasara yake kabla hajayasikia maneno. Ndiyo maana jibu huwa ni lile lile: "Vumilia, mwanangu." Sisi tunasema subira ni sifa tukufu, lakini haifai kuwa kifuniko cha biashara ya mtu mwingine.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani nchini Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walieleza kuwa pasipoti zao zilichukuliwa na mwajiri au wakala. Wengi walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku bila mapumziko. Wapo waliotakiwa kurudisha gharama za kuajiriwa kwao ndipo waachiwe waondoke. Chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha kukaa nchini kimefungamana na kafili wake, na anayetoka nyumbani bila ruhusa yake huweza kuhesabiwa mtoro. Mambo haya wakala anayajua vizuri, na binti hayajui. Kumficha ni khiyana.

Tunamkumbuka Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na chochote. Aliyemwajiri alimtajia muda wa kazi na malipo yake, akabainisha kuwa hakusudii kumtaabisha, na kila mmoja akajua wajibu wake kabla kazi haijaanza. Mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, ukatiwa saini na mtu asomaye Kiswahili peke yake, haufanani na hayo. Wakala aufasiri, ausome mbele ya binti na mzee wake, awe Muislamu au Mkristo, na nakala moja ibaki nyumbani pamoja na jina la kafili, anuani yake na nambari ya ubalozi wetu wa Muscat, Abu Dhabi au Riyadh. Wazee wa Meru walilijua jambo hili zamani: baada ya kuhamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, walimchangia Kirilo Japhet safari ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, na hapana aliyeuliza amekwenda wapi wala kwa nani.

Yapo pia madogo yasiyotajwa katika mikataba. Mwezi Juni hapa Arusha tunajifunika blanketi. Mwezi huo huo Muscat joto hupita nyuzi 40. Binti aambiwe. Aambiwe pia kwamba huenda akakuta bibi wa nyumba asemaye Kiswahili cha Unguja kuliko yeye, kwani familia nyingi za Oman zina asili ya Zanzibar, na kwamba lugha moja haimaanishi mapatano yale yale.

Kutoka mjini hadi uwanja wa ndege wa KIA ni yapata kilomita 50, na mawakala wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwisho wa kazi yao. Kwa hakika ndipo inapoanza. Oman imetutangulia kwa saa moja tu. Saa mbili usiku hapa ni saa tatu kule, wakati ambao mtu anaweza kuzungumza akiwa amemaliza vyombo. Wakala awe na mwanamke wa kupiga simu hiyo kila wiki katika miezi ya mwanzo, kwa simu ya binti mwenyewe, si ya bibi wa nyumba.

Nasi wazazi tusione haya kumuuliza wakala, kabla ya kumkabidhi pasipoti, amewapeleka wangapi mwaka jana, na kati yao ni wangapi aliozungumza nao mwezi huu. Akianza kutafuta majina, tuichukue pasipoti yetu turudi nayo nyumbani.