Ndoo ya Mombasa

Muhula uliopita, kwenye kikao chetu cha chai, mwenzetu wa Mombasa alimwita mgeni wa Dar es Salaam: "Ndoo hapa!" Mgeni akageuka kutafuta ndoo. Tulicheka sote, naye akaelezwa kwamba Kimvita husema ndoo mahali pa njoo, na ndia mahali pa njia.

Kila mmoja wetu ana neno linalomkera. Watanzania hawaipendi "nipe chai" ya Nairobi, isiyotanguliwa na naomba. Wakenya nao huuliza, chai ya kulipia inaombwa kwa nini? Anayeandika "swala la karo" twamkosoa bila huruma, kwa kuwa swala ni mnyama au sala, na lililokusudiwa ni suala. Vivyo hivyo anayesema "nimewakilisha insha" badala ya kuiwasilisha. Hayo ni makosa, tusione haya kuyaita hivyo. (Mhariri wetu mwenyewe bado anaandika "masaa".)

Lakini "batoto" si kosa. Mwenzetu wa Bukavu alilitamka mwezi uliopita, tukacheka kama tulivyoicheka ile ndoo, kisha hakuonekana vikao vitatu. Tulipomwendea alisema hicho ndicho Kiswahili cha mama yake. Tulikuwa tumesahau kwamba mwaka 1928, huko huko Mombasa, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wamvita nao wakabaki na ndoo yao. Alhamisi hii yeye ndiye atakayeongoza mazungumzo, kwa Kiswahili cha kwao.